SOMO LA ROBO HII: Safu ya Diski katika Seva na Utunzaji wa Kumbukumbu Zetu



Tangu misheni ya Bethel ilipoanza kazi Mlalo mwaka 1891, sharika za Usambara zimezoea kumbukumbu za kuandikwa kwa mkono: ubatizo, ndoa, mazishi. Leo majina ya washarika, hesabu za sadaka na taarifa za wagonjwa zinaingizwa katika kompyuta. Kitabu kikichanika ukurasa mmoja, kurasa nyingine hubaki. Diski ikifa, vyote huweza kupotea kwa siku moja. Ndiyo maana kamati huombwa kuidhinisha fedha za seva yenye diski kadhaa. Katika somo hili tunaeleza fedha hizo zinanunua nini, na hazinunui nini.

Safu ya diski ni nini?

Mwaka 1988 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yaani David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walionyesha kwamba diski kadhaa za bei nafuu zikiunganishwa zinaweza kufanya kazi kama diski moja kubwa. Mpango huo unaitwa RAID. Aina zake kuu ni hizi:

1. RAID 0: taarifa hugawanywa katika diski zote. Kazi huenda haraka, lakini diski moja ikifa yote yamepotea. Haifai kwa kumbukumbu za kanisa.

2. RAID 1: kila kinachoandikwa katika diski ya kwanza huandikwa pia katika ya pili. Diski mbili za terabaiti 2 hutoa nafasi ya terabaiti 2 tu, lakini moja ikifa kazi inaendelea.

3. RAID 5: huhitaji angalau diski tatu. Chukueni mfano wa vikapu vya sadaka. Kikapu kimoja kina 4, cha pili 7, na kwenye karatasi tumeandika jumla, 11. Kikapu cha pili kikipotea, tunatoa 4 katika 11 na kujua kilikuwa na 7. Seva hufanya hesabu ya namna hiyo, na kuisambaza katika diski zote. Diski tatu za terabaiti 2 hutoa nafasi ya terabaiti 4.

4. RAID 6: huhitaji angalau diski nne, na huvumilia kufa kwa diski mbili.

Kwa ofisi ndogo tunashauri RAID 1. Ni rahisi kuielewa na kuirekebisha.

Hatua za kuiweka

- Nunueni diski zenye ukubwa sawa, na moja ya ziada ikae kabatini.
- Nakilini kwanza taarifa zote mahali pengine, kwa kuwa kuunda safu mpya kwa kawaida hufuta kilichomo katika diski.
- Bandikeni namba kwenye kila diski, ili siku ya tatizo fundi asichomoe iliyo nzima.
- Wekeni betri ya akiba ya kompyuta (UPS). Umeme ukikatika wakati seva inaandika, taarifa zinaweza kuharibika.
- Wekeni tahadhari ya barua pepe au mlio. Diski moja ikifa kimya kimya bila mtu kujua, ya pili ikifuata hakuna kilichobaki.
- Kabla ya kuanza kazi, jaribuni: chomoeni diski moja mwone kama seva inaendelea.

Safu ya diski haitoshi

Hapa ndipo wengi hukosea. Safu hulinda dhidi ya kifo cha diski tu. Karani akifuta faili kwa bahati mbaya, linafutika katika diski zote mara moja. Virusi vikiingia, vinaingia kote. Mwizi akibeba seva, amebeba diski zote. Radi za masika huweza kuunguza zote pamoja.

Kwa hiyo lazima iwepo nakala ya akiba: diski ya nje inayonakiliwa kila wiki, kuchomolewa, na kutunzwa mbali na ofisi, mathalani Korogwe au Tanga. Ifungwe kwa nywila, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatudai kulinda habari za watu. Na kila miezi mitatu ifunguliwe, faili moja lirudishwe, tujue kama nakala inasomeka.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Diski ikifa leo, nani atapata taarifa, na baada ya muda gani?
2. Nakala yetu ya akiba iko wapi? Mara ya mwisho ilijaribiwa lini?
3. Je, bajeti yetu ina fedha za diski ya ziada, betri na diski ya nje, au ni ya seva peke yake?

Katika Luka 14:28 Bwana Yesu anatufundisha kuketi kwanza na kuhesabu gharama kabla ya kujenga. Wahisani wanaotoa fedha za seva tunawaomba wasiache gharama hizi ndogo. Nyuma ya kila jina lililomo humo yuko mtu aliyebatizwa, aliyetibiwa, au aliyetoa sadaka yake kwa uaminifu.