Somo: Mgonjwa wa Kiharusi na Pembe Nne za Kitanda (Marko 2:1–12)

Ndugu wasomaji, habari ya mwenye kupooza mmeisikia mara nyingi. Leo tunawatazama wale wanne waliomchukua. Kama mmoja wao angaliiacha pembe yake, mgonjwa asingalifika, ijapokuwa wote waliijua nyumba alimokuwamo Yesu.

Ndivyo ilivyo hospitalini. Mtu akipatwa na kiharusi, yaani mshipa wa damu wa ubongo ukiziba au kupasuka, yapasayo kufanywa yameandikwa katika miongozo. Lakini nani apime, na saa ngapi? Mwongozo uliofungiwa kabatini haumwuguzi mtu.

Jambo hili lilijaribiwa Australia, katika jimbo la New South Wales, na habari zake zikatolewa mwaka 2011. Hospitali 19 zenye wodi za kiharusi ziligawanywa kwa kura. Hospitali 9 zilipewa muhtasari wa mwongozo tu. Katika 10 nyingine wauguzi walifundishwa, wakaketi pamoja kuulizana ni nini kinachowazuia, wakakumbushwa tena na tena. Mambo yao yalikuwa matatu: kupima joto la mwili kila baada ya saa 4 kwa siku tatu za kwanza, na kutoa dawa likifika digrii 37.5, kupima sukari ya damu na kuishusha ikizidi, na kumjaribu mgonjwa kama aweza kumeza, kabla hajatiwa chakula, maji wala dawa kinywani. Baada ya siku 90, katika kila wagonjwa 100 wa hospitali zilizopewa karatasi tu, 58 walikuwa wamekufa au wanawategemea wengine. Katika zile nyingine, 42. Tofauti hiyo haikuletwa na mashine mpya.

Tukae kidogo katika neno la kumeza, maana hapa sisi jamaa tunahusika. Mara nyingi kiharusi hulegeza koo pamoja na mkono na mguu. Mgonjwa ameketi, anatutazama, pengine anaomba kula. Nasi tuliotoka mbali na chupa ya uji twaona ni ukatili kumnyima. Uji ule waweza kupotea njia ukaingia mapafuni, na baada ya siku chache huja homa ya mapafu, nayo yaweza kumwua. Pengine hata hakohoi, wala hapana atambuaye. Basi muuguzi akisema, "Bado," si kiburi. Wala asiyeweza kumeza haachwi na njaa: hutiwa mpira mwembamba upitao puani mpaka tumboni.

Lakini lawama zisiwaendee jamaa peke yao. Kwa maoni yetu, wasimamizi wa hospitali wasianze kwa kuchapa mwongozo mpya. Waanze na orodha ya zamu, lionekane jina la mpimaji wa usiku wa manane. Na kipimo cha sukari kisicho na karatasi zake ni pambo la meza. Wazee wa usharika walio katika baraza za hospitali zetu na waulize hayo.

Nanyi mumletao mgonjwa, ishikeni saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, mkamwambie mganga kabla hajawauliza. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, mahali ipatikanapo, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu, baada ya kichwa kupigwa picha.