Kumsikiliza Asiyeweza Kusema


Vijana wenzangu, huku kwetu Kyela masika yakikolea, mito Kiwira na Songwe hufurika. Mwenye ng'ombe halali: anamhamishia penye mwinuko, anamtafutia majani. Ng'ombe hasemi "naumwa". Unamtazama macho, mbavu na mwendo mpaka umwelewe.

Mithali 12:10 yatufundisha kwamba mwenye haki hujali uhai wa mnyama wake. Katekisimu nayo (2416) inatukumbusha kuwa wanyama ni viumbe vya Mungu, na ni wajibu wetu kuwatendea wema.

Mimi naona hivi: aliyezoea kumwelewa asiyesema, atamwelewa pia bibi anayeumwa kimyakimya. Anayempiga ng'ombe bure, moyo wake unakuwa mgumu hata kwa watu.

Tujiulize: nyumbani kwako nani anateseka kimya? Mwendee leo.