Esau Alirudi Amechoka: Kwa Nini Nyumba Nyingi Siku Hizi Hazipiki

SOMO LA WIKI KWA VIKUNDI VYA NYUMBANI

Maandiko ya kusoma: Mwanzo 25:29–34, 1 Wafalme 17:10–16, Matendo 6:1–7, Yohana 21:9–13



Wiki hii somo letu linaingia jikoni. Kuna maneno husemwa sana tukikutana, hasa na sisi wanaume na mama zetu wakubwa: ati wasichana wa siku hizi hawapiki. Ati nyumba imekuwa ya chipsi na chapo za kibandani, sufuria zimeangikwa ukutani kama picha. Halafu tunacheka, na dada mmoja kwenye kiti cha nyuma anainamisha kichwa kwa sababu jana usiku alibeba chakula kwa mfuko.

Kabla hatujamhukumu yule dada, tufanye kazi mbili: tusome Neno vizuri, halafu tupige hesabu.

1. Esau hakuwa mvivu

Tumezoea kumhubiri Esau kama mtu asiye na akili. Lakini soma Mwanzo 25 polepole. Esau alikuwa ametoka shambani, na Biblia inasema wazi kwamba alikuwa amechoka. Alikuwa kazini! Shida yake ni kwamba alifika nyumbani na njaa, hana kitu tayari, na mbele yake kuna sufuria ya dengu inayochemka, harufu inamwita. Mtu aliye katika hali hiyo hawezi kupiga hesabu ya miaka ishirini. Anapiga hesabu ya dakika kumi. Akauza haki ya mzaliwa wa kwanza.

Kosa lake ni kosa, Neno halimtetei. Lakini tujifunze lilivyotokea. Uamuzi mkubwa ulifanywa na mtu mwenye njaa na uchovu kwa wakati mmoja. Sasa mwangalie mshirika wetu anayefanya kazi tauni na kulala Kitengela, Ruiru au Rongai. Anatoka kazini saa kumi na moja, anapanga foleni ya matatu, anakaa kwenye jamu, anashuka stejini saa mbili usiku. Watoto wanamngoja. Hapo stejini kuna mahindi ya kuchoma, smoki, chipsi, chapati moto. Nyumbani kuna maharagwe makavu ambayo yanataka saa mbili au tatu motoni. Wewe ungechagua nini?

Kwa hiyo jambo la kwanza la kushika ni hili: nyumba nyingi hununua chakula kwa sababu uamuzi unafanyika saa mbili usiku. Ukimkemea mtu saa hiyo, unamkemea Esau akiwa ameshika bakuli. Msaada wa kweli huja kabla ya saa hiyo.

2. Hesabu ya moto

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo mnivumilie kidogo na kalamu. Tukizungumza bei ya chakula, wengi huhesabu unga, mboga na mafuta ya kupikia. Wanasahau moto. Yule mjane wa Sarepta hakusahau. Eliya alipomkuta, alikuwa na unga kidogo na mafuta kidogo, lakini kazi aliyokuwa akifanya saa hiyo ni kuokota kuni. Bila kuni, ule unga haungekuwa chakula.

Na moto wa mjini si mchezo. Septemba 2018 mafuta taa yaliongezewa tozo ya shilingi 18 kwa kila lita, na wengi wa mtaani walikuwa wanapikia hayo. Mwaka huohuo kukawa na marufuku ya kukata miti, makaa yakapanda. Gesi nayo ilirudishiwa ushuru wa asilimia 16 Julai 2021, ukapunguzwa hadi 8 mwaka wa 2022, ukaondolewa 2023. Ukiongeza kwamba nyumba nyingi za kupanga haziruhusu makaa ndani, na kweli moshi wa makaa kwenye chumba kilichofungwa unaua, utaona kwamba kuwasha moto ni uamuzi wa pesa na wa usalama pia.

Sasa chukua mfano huu. Bei ni za mfano tu, weka za mtaani kwako. Nusu kilo ya maharagwe shilingi 90. Makaa ya kuyachemsha mpaka yaive shilingi 100. Nyanya, kitunguu na mafuta shilingi 50. Jumla 240, na inatoa kama sahani tano. Kila sahani ni shilingi 48. Mama wa kibanda anauza sahani kwa 50. Tofauti ni shilingi mbili! Na yeye amekuoshea sahani.

Mama huyo anawezaje? Kwa sababu anachemsha kilo kumi kwa jiko moja. Moto wa kilo kumi haugharimu mara ishirini ya moto wa nusu kilo. Ndiyo maana pia watoto wa shule za umma za Nairobi wanaokula kwa mpango wa Dishi na County, ulioanza 2023, hulipa shilingi 5 tu kwa sahani. Sehemu kubwa hulipwa na kaunti na washirika wake, ndiyo, lakini sehemu ya siri ni masufuria makubwa ya jikoni moja kulisha maelfu.

Nyumba zetu ni kinyume cha hapo. Sensa ya 2019 ilionyesha wastani wa watu 3.9 katika kila nyumba nchini. Nairobi ni 2.9. Nyanya yako alipikia watu kumi na kuni za kuokota. Wewe unapikia watatu na makaa ya kununua. Na kijana anayeishi peke yake bila friji, akichemsha nusu kilo, nusu yake itachacha. Huyo akila kibandani, kalamu yangu inasema amefanya hesabu sawasawa. Tusimwite mvivu.

3. Pesa inayokuja kidogo kidogo

Kuna jambo lingine. Aliye na mshahara wa mwisho wa mwezi anaweza kununua gunia la makaa, debe la maharagwe na mtungi wa gesi. Anayelipwa kwa siku, mtu wa mjengo, wa kufulia watu nguo, wa boda, analeta shilingi mia tatu jioni. Akinunua unga, hana ya mafuta. Akinunua mafuta, hana ya moto. Lakini mia tatu inatosha kulisha watoto jioni hiyo kibandani, bila kubaki na nusu ya kitu. Ni uchumi wa kadogo, na anaupigia hesabu kila siku ya Mungu.

Pia tukumbuke kwamba yule mama wa kibanda ni dada yetu. Wengine wako kanisani humu, na sadaka yao inatoka kwa hiyo chapati. Somo hili halimpigi vita. Ugali, maharagwe na sukuma wiki za kibandani ni chakula kamili. Cha kuangalia ni nyumba ambayo chakula chake cha kila jioni ni chipsi, soseji na soda, mafuta yaliyokaangiwa tangu asubuhi. Hapo mwili wa mtoto unalipa, hata kama mfuko haujasikia.

4. Jikoni si kwa mama peke yake

Wanaume, tusimame hapa kidogo. Ile sufuria ya dengu ya Mwanzo 25, nani alikuwa anaipika? Yakobo. Mwanaume. Na Yohana 21, baada ya kufufuka, wanafunzi wamevua samaki usiku kucha, wanafika ufuoni wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake na mkate. Nani aliuwasha? Bwana mwenyewe. Hakungoja Mariamu aje.

Basi ndugu yangu, kama wewe na mkeo mnashuka stejini saa moja, na wewe unaketi kuangalia habari huku yeye anatafuta kiberiti, usishangae kesho akibeba chakula kwa mfuko. Kazi ya nyumba ikiwa ya watu wawili ilhali mikono ni ya mmoja, mikono hiyo itatafuta njia ya mkato. Chambua mboga. Songa ugali. Mvulana wako akikuona, mke wake wa kesho atakushukuru.

5. Tunapoteza nini basi?

Mtu atauliza, kama hesabu inakubali, kwa nini tujisumbue kupika? Swali zuri. Mara nyingi chakula cha kununua huja katika mifuko mingi. Baba amekula kazini, mama ameonja stejini, kijana amepitia smoki, mdogo analishwa chipsi akiangalia katuni. Wote wameshiba, lakini hakuna aliyejua kwamba kijana alifukuzwa shule kwa sababu ya karo, au kwamba mama alilia ofisini. Mezani ndipo hayo hujulikana. Yule Yesu wa ufuoni aliwalisha kwanza, halafu ndipo akamuuliza Petro lile swali gumu la upendo. Chakula kilifungua mazungumzo.

Kwa hiyo hata kama leo mmenunua, mimina kwenye sahani, keti pamoja, zima televisheni dakika ishirini, ombeni, ongeeni. Meza haiulizi chakula kilipikwa wapi.

6. Chama cha sufuria

Sasa turudi Matendo 6. Wajane fulani walikuwa wanasahaulika katika huduma ya chakula ya kila siku, manung'uniko yakaanza. Mitume hawakuwaambia wajane wafunge na kuomba. Waliita mkutano, wakachagua watu saba, wakapanga. Kanisa lilijibu shida ya chakula kwa mpango.

Sisi Wakenya tunajua chama. Pesa tunazungusha, mbona tusizungushe sufuria? Chukua nyumba nne za kikundi kimoja, zinazokaa karibu, kila moja watu watano. Jumatatu nyumba ya kwanza inachemsha kilo mbili za maharagwe, yaliyolowekwa usiku kucha ili yaive haraka. Tuseme shilingi 360 za maharagwe na 140 za moto, jumla 500, sahani ishirini. Kila nyumba inapita kuchukua sehemu yake jioni hiyohiyo, inakaanga kwake na kusonga ugali. Jumanne nyumba ya pili inachemsha ndengu, Jumatano ya tatu githeri, Alhamisi ya nne.

Hesabu: 500 ugawe kwa nne ni 125. Ongeza 50 ya kukaanga, ni 175 kwa sahani tano, yaani 35 kila sahani. Kibandani ni 250. Umebakisha 75 kwa jioni moja, 300 kwa siku nne, 1,200 kwa wiki nne. Ugali nimeuacha nje pande zote mbili. Na zaidi ya pesa, kila nyumba inawasha moto mrefu mara moja tu kwa wiki. Hakuna friji inayohitajika, kwa sababu kila kitu kinaliwa siku hiyo. Yule kijana anayeishi peke yake anaingia kwa sahani moja, analipa kidogo, na anapata watu wa kujua kama hajafika nyumbani.

Mkianza, shikeni sheria tatu. Usafi: sufuria yenye kifuniko, maji safi, mikono iliyooshwa. Uaminifu: zamu yako ikifika, pika, ukishindwa, sema mapema. Na siri: ukienda kuchukua maharagwe ukakuta nyumba ya mwenzako haina unga, usiipeleke habari hiyo kwa mama mboga. Peleka unga.

MASWALI YA KUJADILI

1. Nyumbani kwako, uamuzi wa chakula cha jioni hufanywa saa ngapi, na nani?
2. Andikeni gharama ya mlo mmoja uliopikwa nyumbani wiki hii, pamoja na moto. Mmepata nini?
3. Wanaume: ni kazi gani moja ya jikoni utaichukua kuanzia kesho?
4. Katika kikundi chetu, nani anakula peke yake kila siku? Tutamfikiaje?
5. Je, nyumba nne zinaweza kuanza chama cha sufuria mwezi huu? Zitajeni kwa majina kabla ya kufunga kikao.

OMBI

Bwana, tunakushukuru kwa kila sahani, ya nyumbani na ya kibandani. Wape nguvu wanaorudi usiku wamechoka. Bariki mikono ya wanaotupikia kando ya barabara. Tuondolee midomo ya kuhukumu, utupe mikono ya kusaidia, na meza zetu zisikose watu. Katika jina la Yesu, amina.