SOMO: NJIA ZA KALE ZA NYIKA

Katika sura ya Saba Mwenyezi Mungu ametutajia watu walioneemeshwa kwa njia njema: miji imefuatana, na safari imekadiriwa kituo baada ya kituo, wakenda usiku na mchana kwa amani. Hawakushukuru. Wakaomba masafa ya safari zao yarefushwe, wakatawanywa. Kisa hiki tulikisoma katika darasa letu hapa Vitengeni, tukaona chatuhusu sisi watu wa pwani.

Njia ya kale hujulikanaje, ilhali waliopita wote wamekwisha kufa? Hujulikana kwa maji na kwa athari zilizobaki. Katika jangwa la nyanda za juu za Najdi ipo Njia ya Zubeida, mke wa Khalifa Harun Rashid, itokayo Kufa hata Makka, zaidi ya kilomita 1,400. Birika zake, visima vyake na mawe ya kuonyesha masafa yamepatikana. Tangu mwaka 1979 wataalamu wa Saudia walichimba kituo chake cha Rabadha, mahali alipofia Sahaba Abu Dharri, wakakuta nyumba, misikiti na matangi ya maji.

Nyika yetu haina mawe ya masafa. Njia zake zilitengenezwa na nyayo, zikifuata visima na Mto Sabaki. Lakini athari zipo. Katika pango la Panga ya Saidi, bara ya Kilifi, kilomita kama 15 kutoka baharini, wachimbaji walikuta shanga za kombe la bahari, za maelfu mengi ya miaka. Kombe halipandi kilima peke yake. Yuko mtu aliyelibeba.

Al-Masudi, mwanachuoni wa karne ya 10, aliandika kuwa pembe za ndovu za nchi ya Zanji zilipelekwa Omani, kisha Bara Hindi na China. Nao ndovu hakai baharini. Huko Gede, alikochimba James Kirkman tangu 1948, zilipatikana sahani za China. Zilinunuliwa kwa nini, kama bara haikutoa mali? Hata karne ya 19 Wakamba na Wagiriama walikuwa wakishusha pembe pwani.

Basi twajifakhari kwa majahazi, na jirani zetu twawaita "Wanyika" kwa dharau, kana kwamba miji yetu ilizaliwa na bahari peke yake. Neno hilo si kweli katika tarikhi, wala si jema katika dini. Aliyetubebea mzigo kichwani na kutuonyesha kisima ni mshirika wetu katika neema ile. Kumdharau ni kuomba, kwa ndimi zetu wenyewe, masafa yarefushwe.

Yatupasa mambo mawili. Mwenye kulima akiona vigae au shanga za kale, asivitupe wala asiviuze. Awape habari watu wa Makumbusho ya Taifa. Na jirani wa bara tumwite kwa jina lake, tumkaribishe kama mwenzi wa safari.

Wabillahi tawfiki.