Somo katika Kubainisha Maneno ya Majarida ya Mitindo ya Kale

Bismillahi Rahmani Rahimi. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, somo hili ni la kubainisha namna majarida ya mitindo ya nguo yalivyowafundisha watu mwanamke ni nani na awe vipi. Limeelekezwa kwa wanaume, kwa kuwa aghalabu mwanamume huwapima wanawake wa nyumbani kwake kwa mizani asiyojua imetoka wapi.

Jambo la kwanza: asili yake.
Mwaka 1830 lilianza Philadelphia, katika Marekani, jarida liitwalo Godey's Lady's Book. Ndani yake mlikuwa na picha za nguo zilizotiwa rangi kwa mkono, pamoja na hadithi na mafunzo ya nyumbani. Katika New York likafuata Harper's Bazar mwaka 1867, kisha Vogue mwaka 1892. Msomaji na azingatie: nguo na tabia ziliwekwa katika kurasa zile zile, hata mwenye kutazama nguo akafunzwa na tabia.

Jambo la pili: nguo tatu.
Mjuzi wa Kifaransa, Roland Barthes, aliyachungua majarida ya Paris ya mwaka 1958 na 1959, akatoa kitabu chake mwaka 1967. Alipambanua nguo tatu: nguo yenyewe iliyoshonwa, nguo ya picha, na nguo ya maneno yaliyoandikwa penye picha. Maana haikai katika uzi. Huletwa na maneno. Watu wa pwani jambo hili haliwaajabishi, kwani leso mbili za rangi moja hutengana kwa jina lililoandikwa juu yake.

Jambo la tatu: khabari yenye maana ya amri.
Wanafunzi wa usuli wanajua kuwa tamko huweza kuja kwa sura ya khabari, na makusudio yake yakawa amri. Mfano ni aya ya 228 ya Suratul Baqara katika eda ya walioachwa: lafudhi yake ni khabari kuwa wanangoja, na maana yake ni amri kuwa wangoje. Majarida ya mitindo yalitumia sura hiyo hiyo. Hayakuamrisha sketi ndefu. Yalikhubiri kuwa mwaka huu sketi ni ndefu. Mwenye kupewa amri huuliza ni nani aliyeamrisha. Mwenye kupewa khabari haulizi. Hujiona yeye ndiye aliyechelewa. Aya ina Mwenye kuamrisha ajulikanaye, na haki Yake yajulikana. Khabari ya jarida haina mwenyewe. Akitafutwa, hupatikana mwenye duka na mwenye kulipia tangazo.

Jambo la nne: dalili yake.
Uingereza, kwa sababu ya vita, nguo ziligawiwa kwa kuponi tangu 1941 hata 1949. Siku za vita Vogue ya London ilisifu nywele fupi, zifaazo kwa wanawake wa viwandani. Kisha Februari 1947 Christian Dior akaonyesha Paris viuno vilivyobanwa na sketi pana zilizokula vitambaa vingi, na majarida yakausifu mtindo ule kuwa ni uanamke uliorudi. Mwanamke ni yule yule. Kilichogeuka ni haja ya wanenao.

Swali: Je, kujipamba kumekatazwa?
Jawabu: La. Aya ya 26 ya Suratul A'raf imetaja vazi la kusitiri na vazi la pambo, kisha ikalitaja vazi la ucha Mungu kuwa ndilo bora. Pambo lina mahala pake. Kosa ni kulifanya kipimo cha thamani ya mtu.

Faida: Katika Suratun Nur, aya ya 30 imeanza na wanaume kuwaamrisha wainamishe macho, ndipo aya ya 31 ikawaelekea wanawake. Basi mwanamume asimlaumu mkewe kwa kufuata picha, hali yeye mwenyewe humlinganisha na picha. Picha imepigwa kwa taa, ikachaguliwa moja katika nyingi, ikatengenezwa kabla ya kuchapwa. Mke huamka alfajiri, hupika, huuguza, huzaa, huzeeka. Kumpima mja wa Mwenyezi Mungu kwa karatasi ni dhuluma, na mwenye kudhulumu ataulizwa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi. Wabillahi taufiki.