SOMO LA MWEZI: KWANZA WASIKILIZAJI, KISHA SOKO



Katika kikao cha Halmashauri kilichopita lilizuka swali ambalo halikumalizika. Je, chama chetu kiuze mafunzo ya karafuu kwa njia ya simu na intaneti? Wengine walisema ndiyo, na tuanze leo. Wengine walisema ilimu ya wazee haiuzwi. Wengine waliuliza kwa nini tuwafundishe watu wa bara, hali nao wanapanda mikarafuu kama sisi. Nimetakiwa niandike somo juu ya jambo hili, ili kila tawi lilizungumze barazani kabla ya mkutano mkuu. Nitaanza na jambo nililoliona kwa macho yangu Bigwa.

Kisa cha Bigwa

Bigwa ni kata ya mji wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Hapo ndipo ianzapo barabara iendayo Mkuyuni, Matombo na Mvuha mpaka Kisaki. Kwa njia hiyo hushuka mdalasini, pilipili manga, iliki na karafuu kutoka mashariki ya milima. Nilikuwa mgeni wa jamaa yangu, na jirani yake mmoja, kijana mwenye shamba upande wa Kinole, aliposikia natoka visiwani akaja kunisalimu.

Akanipeleka nyuma ya nyumba kunionyesha kitalu chake. Kilikuwa na kivuli kizuri na udongo mzuri, vifuko vimepangwa kwa mistari, lakini hapakuota hata mche mmoja. Nikamwuliza alifanyaje mbegu zake. Akasema, "Kaka, nilizianika juani siku tano, kisha nikazihifadhi mwezi mzima nikingoja mvua. Ndivyo kitabu kilivyoniambia." Akanionyesha hicho kitabu ndani ya simu yake. Alikuwa amekilipia kwa simu, kwa mtu asiyemjua, ambaye ukurasa wake ulikuwa na wafuasi maelfu.

Wanachama, kila mtoto aliyekulia chini ya mkarafuu anajua kwamba mbegu yake haikai. Tunda likishaiva huchumwa, huloweshwa, huvuliwa ganda, na hupandwa mara moja ingali mbichi. Ukiianika umeiua. Kijana yule alipoteza fedha za kitabu, fedha za mbegu, na msimu mzima wa mvua.

Nilirudi na mafunzo mawili. La kwanza, watu wako tayari kulipia ilimu ya karafuu. Soko hilo lipo, nasi hatukulianzisha. La pili, ikiwa wenye ilimu ya kweli wananyamaza, wasio nayo watauza uwongo, na hapana wa kuwapinga.

Je, tunawafundisha washindani?

Hofu ya ushindani si ya kudharauliwa, lakini tutazame historia ya mti wenyewe. Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku. Katika karne ya 17 Waholanzi waliikata mikarafuu katika visiwa vingi vya huko ili ibaki pale tu walipotaka wao, khasa Ambon. Haikuwafaa. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kupata miche na kuipeleka Mauritius, na mwanzoni mwa karne ya 19 mkarafuu ukafika Unguja. Lau siri ingefichika, sisi leo tusingekuwa na mkarafuu hata mmoja. Na huko Uluguru mti umekwisha ota. Kinachobaki kuamuliwa ni nani atawafundisha, na kwa haki gani.

Tena Morogoro si mahali pasipo na walimu. Pana Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa 1984, na pana shirika la Kilimo Endelevu Tanzania (SAT) lenye kufundisha wakulima wa milimani. Basi tusiende kwa kiburi. Tulicho nacho sisi ni uzoefu wa vizazi katika zao moja, na huo ndio mzigo wetu.

Jambo la kwanza: pata wasikilizaji

Mali ya mtandaoni ni ile isiyotiwa gunia, kama vile kitabu ndani ya simu, somo la sauti, au mfululizo wa picha zenye maelezo. Uzuri wake ni kwamba hutengenezwa mara moja na huuzwa mara nyingi, bila ya meli wala hamali. Ubaya wake ni kwamba mnunuzi hawezi kuishika wala kuinusa. Karafuu ataitia mkononi, aivunje, aone kama imekauka. Somo ataliona baada ya kulipa. Kwa hiyo hununua kwa mtu anayemwamini tu, na kuaminiwa hupatikana mbele ya biashara.

Tuone wenzetu walivyofanya. Jarida la Mkulima Mbunifu, la Kiswahili, lilianza 2011 na likapelekwa bure kwa vikundi vya wakulima Tanzania, na pia likawekwa kwenye intaneti. Nchini Kenya kipindi cha televisheni cha Shamba Shape Up kilianza 2012, kikimtembelea mkulima shambani kwake na kumsaidia matatizo yake mbele ya watazamaji. Baada ya watu kukizoea, waliokitengeneza wakaanzisha mwaka 2015 huduma ya iShamba, ambayo mkulima hujiandikisha kwa simu apate ushauri, na wakaiwekea malipo ya uanachama. Angalieni mpangilio huo. Miaka ilipita katika kuwahudumia watu, ndipo bei ikatajwa.

Kwetu sisi kazi hii ni nyepesi kuianza. Tuchague watu wa namna moja, tuseme wanaopanda mikarafuu kwa mara ya kwanza. Kila wiki, siku ile ile, tuwapelekee jambo moja la kweli bila ya malipo. Wiki hii picha ya kikonyo kilicho tayari kuchumwa, kabla ua halijafunguka. Wiki ijayo sauti ya mzee akieleza kwa nini karafuu mbichi ikilala kwenye gunia huchacha na kuharibika rangi. Wakiuliza, tuwajibu. Mkarafuu hukaa miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, nasi hatuukati kwa kuwa mwaka wa pili haujatoa kitu. Wasikilizaji nao walelewe hivyo hivyo, ingawa hawatachukua muda mrefu kiasi hicho.

Jambo la pili: weka daftari lako

Wafuasi walio katika ukurasa wa Facebook au kikundi cha WhatsApp si mali yetu. Tumewapanga katika nyumba ya mtu mwingine. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika duniani kote kwa muda wa saa sita hivi. Siku ile aliyekuwa na orodha ya namba za simu za wateja wake aliweza kuwapigia na kuwaandikia ujumbe mfupi. Asiyekuwa nayo alikaa akingoja.

Basi tuwe na daftari la chama, lenye jina, namba ya simu, mahali alipo mtu, na swali lake la kwanza. Lakini tusiandike jina la mtu bila ya ridhaa yake, wala tusimpe mwingine namba hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na ikaanza kutumika 2023. Hata pasingekuwapo sheria, namba ya mtu ni amana.

Jambo la tatu: uza lile lililoulizwa sana

Kosa la wengi ni kutengeneza kitabu kikubwa kwanza, halafu kumtafuta wa kukinunua. Sisi tugeuze. Baada ya miezi michache tufungue daftari tuhesabu maswali. Ikiwa wengi wameuliza juu ya kitalu, bidhaa yetu ya kwanza ni somo la kitalu, tangu kuchagua mti mama mpaka kuhamisha mche shambani. Liwe fupi, liwe na picha zetu wenyewe, na lipitiwe na bwana shamba kabla ya kutolewa. Sauti na picha ndogo ni bora kuliko vidio ndefu, kwa sababu mnunuzi hulipia pia kifurushi cha intaneti, na milimani mtandao huwa dhaifu.

Tufanye hesabu kwa mfano tu. Daftari lina watu 300, na somo ni shilingi 3,000. Wakinunua watu 15, tumepata shilingi 45,000, kabla ya kutoa ada ya kupokea fedha. Huo si utajiri, na atakayewaambia kuwa ni utajiri anawadanganya. Lakini somo lile lile litauzwa mwakani bila ya gharama ya kulitengeneza upya, na aliyeridhika atawaleta wengine.

Malipo si tabu siku hizi. M-Pesa ilianza Kenya 2007 na Tanzania 2008, na leo kulipa kwa simu ni jambo la kawaida hata vijijini. Sharti langu ni moja. Fedha zipokelewe kwa namba iliyosajiliwa kwa jina la chama, isiyo ya Katibu wala ya Mshika Fedha, na kila risiti iingie kitabuni. Fedha isiyoonekana ikienda katika simu ya mtu mmoja huvunja chama upesi kuliko nzige wanavyomaliza shamba.

Je, ilimu ya wazee huuzwa?

Nawajibu wazee wetu kwa heshima. Jibu la swali moja tutalitoa bure daima. Kijana wa Bigwa nilimweleza habari ya mbegu pale pale kitaluni kwake, wala sikumtoza kitu. Tunachouza ni kazi ya kuikusanya ilimu, kuipanga, kuipiga picha na kuifikisha. Na mzee ambaye sauti yake imo katika somo atajwe jina akipenda, na apate fungu lake katika kila mauzo. Hilo liandikwe kwa mapatano kabla ya kurekodi.

Haki za kazi hiyo zina walinzi. Huku visiwani ipo COSOZA, na bara ipo COSOTA. Watakuwapo watakaolinakili somo letu na kuligawa, na hatutaweza kuwazuia wote. Kinga iliyo bora ni kwamba mnunuzi wetu ana haki ya kutuuliza swali baada ya kununua, na aliyeiba nakala hana wa kumwuliza. Nasi pia tusichukue picha za wengine mtandaoni na kuziita zetu.

Tena neno la tahadhari. Somo ni halali kuliuza popote, lakini karafuu yenyewe ya Unguja na Pemba ina mlango wake, nao ni Shirika la ZSTC, na ipo Sheria ya Karafuu ya 2014. Mtu asije akatangaza magunia yake katika ukurasa wa chama akidhani ni biashara moja na hii.

Sura ya Al-Mutaffifin inawakemea wanaopunja vipimo. Tumezoea kuifikiria tunapoona pishi na mizani. Lakini aliyemwuzia kijana yule kitabu cha uwongo naye amepunja, na upunjaji wake haukuonekana mpaka mvua ziliponyesha na vifuko vikabaki vitupu. Tukiingia katika biashara hii, kila neno tuliuzalo lipimwe kwanza katika shamba la mmoja wetu.

Rai yangu ni hii. Tutoe mafunzo ya bure kwa miezi sita, tufungue daftari, kisha mkutano uamue juu ya bidhaa ya kwanza kwa kutazama maswali yaliyokusanywa. Kijana wa Bigwa amekwisha nipa ruhusa jina lake liwe la kwanza katika daftari hilo. Anataka kujaribu tena mbegu msimu ujao, na ameniomba nimkumbushe siku ya kuchuma.

Maswali kwa mabaraza ya matawi

1. Ni swali gani juu ya karafuu ambalo wageni hukuulizeni mara nyingi? Liandikeni kama lilivyoulizwa.
2. Katika tawi lenu ni nani anayejua kulea kitalu kuliko wengine, na je, yu radhi kurekodiwa sauti yake?
3. Fungu la mzee mwenye ilimu liwe kiasi gani, na la chama kiasi gani?
4. Ikiwa mnunuzi amefuata somo letu na miche yake ikafa, chama kimfanyie nini?

Majibu yaletwe kwa maandishi ofisini kabla ya mkutano mkuu. Swali la nne msiliruke.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wa Chama