SOMO LA USALAMA: INJINI YA NDEGE NYEPESI INAPOZIMIKA KARIBU NA ARDHI

Ndege nyepesi za kuchukua mtu mmoja au wawili hutumika katika nchi nyingi kwa michezo, kupiga picha na kukagua mashamba na pwani. Kwa kuwa bei yake ni nafuu na kuiendesha si kugumu sana, baadhi ya watu hudhani kuwa hata hatari zake ni ndogo. Dhana hiyo si sahihi. Somo hili linaeleza jambo ambalo kila rubani wa ndege hizo hana budi kulijua kabla ya kuondoka ardhini, na ambalo mkaazi wa karibu na kiwanja naye ana sehemu yake: injini inapozimika ndege ikiwa bado chini, usalama umo mbele, haumo nyuma.

Wepesi na athari zake

Kila nchi ina kipimo chake cha ndege nyepesi. Kwa kanuni za Marekani zilizotolewa 1982, ndege ya aina hiyo yenye injini huchukua mtu mmoja tu, uzito wake ikiwa tupu haufiki kilo 116, na petroli yake haizidi lita 19 hivi. Nyingi huundwa kwa mabomba, nyaya na kitambaa, na vitu hivyo vyote hushikwa na upepo.

Jahazi lililoshehena likishusha tanga huendelea kuteleza kwa muda. Ngalawa tupu husimama mara moja. Ndivyo ilivyo kwa ndege nyepesi. Injini ikizimika wakati ndege inapanda na pua yake iko juu, mwendo hupotea katika sekunde moja au mbili. Bawa likiukabili upepo kwa pembe kubwa mno, hupoteza uwezo wa kuibeba ndege, nayo huanguka. Kwa zile ambazo injini yake imewekwa juu, jambo ni zito zaidi: nguvu ya injini huikandamiza pua chini, na ikikatika, pua huinuka yenyewe.

Hatari hii ilijulikana kabla ya ndege za injini kuwapo. Tarehe 9 Agosti 1896, Otto Lilienthal wa Ujerumani, aliyekuwa amekwisha kuruka mara nyingi kwa mabawa yasiyo na injini, alipoteza mwendo angani, akaanguka kutoka kimo cha mita 15 hivi, na akafariki siku ya pili yake.

Hesabu ya sekunde ishirini

Tuchukue mfano. Ndege imefika kimo cha mita 60 na injini inazimika. Mwendo wake wa kuteleza ni kilomita 65 kwa saa, yaani mita 18 kwa sekunde, na hushuka mita 3 kila sekunde. Rubani ana sekunde 20, na mbele yake ana mita 360 za kuchagua pa kutua.

Akiamua kurudi kiwanjani, hesabu hubadilika. Sekunde 3 hupotea kabla hajaamini kilichotokea. Kugeuka nusu duara, ndege ikiwa imeinama nyuzi 30, huchukua sekunde 10 hivi. Zimebaki sekunde 7 kwa makisio mazuri, kwani ndege inayogeuka hushuka kwa kasi zaidi. Nayo bado iko pembeni mwa njia ya kurukia kwa zaidi ya mita 100, hivyo hulazimika kugeuka tena.

Akiinamisha ndege zaidi ili ageuke upesi, hujiongezea hatari. Katika mwinamo wa nyuzi 60, mwendo wa chini kabisa unaohitajika ili bawa liibebe ndege huongezeka kwa asilimia 41. Aidha, atakuwa ameupa upepo mgongo. Kwa upepo wa kilomita 20 kwa saa, anayetua akiukabili hugusa ardhi kwa kilomita 45 kwa saa. Aliyeupa mgongo hugusa kwa kilomita 85, na nguvu ya kishindo huwa zaidi ya mara tatu.

Mambo ya kufanya

1. Kushusha pua papo hapo, kabla ya jambo lolote lingine. Katika ndege za fimbo, fimbo husukumwa mbele. Katika zile za bawa la kitambaa zinazoongozwa kwa uzito wa mwili, mhimili huvutwa kuelekea kifuani. Aliyezoea aina moja asiendeshe nyingine bila mafunzo, kwani mkono hufuata mazoea.

2. Kuchagua pa kutua palipo mbele, kwa kugeuka kidogo tu kulia au kushoto ili kukwepa nyumba, watu, nyaya za umeme na miti mikubwa.

3. Kutojaribu kuwasha injini tena. Katika kimo hicho hakuna muda.

4. Kufunga petroli na kukata umeme wa injini, ikiwa nafasi ipo.

5. Kuulinda mwendo mpaka karibu na ardhi, ndipo pua iinuliwe taratibu. Ndege inayogusa vichaka ikiwa imenyooka humpa rubani nafasi ya kupona. Inayoanguka kutoka juu haimpi.

Visiwani, mara nyingi mbele ni bahari. Ndege yenye magurudumu huelekea kupinduka inapogusa maji. Kwa hiyo jaketi la kuokolea livaliwe tangu ardhini, lakini lisijazwe hewa kabla mtu hajatoka nje; mlango ufunguliwe kabla ya kugusa maji; na mkanda usifunguliwe mpaka ndege itulie.

Kinga kabla ya safari

Injini nyingi za ndege hizi huchanganyiwa mafuta katika petroli, kama zilivyo mashine nyingi za boti. Uwiano unaowekwa na mtengenezaji ufuatwe. Ukiwa 1 kwa 50, lita 10 za petroli huhitaji mililita 200 za mafuta. Petroli ichujwe na maji yaondolewe, plagi zikaguliwe, na injini ijaribiwe kwa nguvu zake zote kabla ya kuruka. Ni vyema pia ikaeleweka kuwa hata katika joto lenye unyevu, barafu yaweza kuganda ndani ya kabureta. Rubani aanzie mwanzo kabisa wa njia ya kurukia, na kabla ya kuondoka ajitamkie mwenyewe mahali atakapotua iwapo injini itazimika.

Wajibu wa wakaazi

Uwanda ulio wazi mwishoni mwa kiwanja si ardhi iliyosahauliwa. Ndiyo nafasi ya pili ya rubani, na pia ndiyo salama ya wale walio chini. Kibanda, mlingoti au ng'ombe aliyefungwa hapo huzifuta zile mita 360 zilizoelezwa juu. Hivyo wakaazi wanakumbushwa kutojenga, kutofunga mifugo na kutofanya biashara katika maeneo hayo, na watendaji wanaogawa ardhi wanatakiwa kulizingatia jambo hilo kabla ya kutia saini.

Ndege ikitua shambani au ufukweni, watu wasivute sigara karibu nayo, wasisimame mbele ya panka lake hata kama limesimama, na watoto waondoshwe. Majeruhi asisogezwe bila ya ujuzi, isipokuwa pakiwa na moto au maji yanamfikia. Taarifa ipelekwe polisi mara moja, na mabaki yasiguswe mpaka wahusika wafike, kwani humo ndimo sababu ya ajali itakamopatikana.